Kofia Saba za Damu ya Mzee

Ukitaka kumwona Mama Felista akicheka peke yake, mpe sweta bovu. Ndivyo walivyosema majirani zake, na hawakumsingizia. Sweta lililotoboka viwiko, lililogugunwa na panya, ambalo mwenyewe ameona haya kulivaa hata shambani, likifika mikononi mwake lilipokelewa kama mgeni wa mbali. Alilinusa. Akaligeuza ndani nje. Akatafuta pale shingoni uzi ulipofungwa, akalikata fundo kwa meno, kisha akavuta, na uzi ukaanza kuja wenyewe, mstari baada ya mstari.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Theodora. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, na mtoto wake mmoja, Felista, alikuwa ameolewa mbali. Kufuma alifundishwa na masista wa misheni zamani za ukoloni. Kupenda uzi hakufundishwa na mtu. Uzi aliofumua aliuzungusha kwenye miguu ya kigoda kilichopinduliwa, akaufua kwa sabuni, akauanika umefungiwa jiwe chini ili ule mkunjo wa zamani utoke. Ukikauka aliuviringa donge, na donge likaingia sandukuni.

Sanduku lenyewe lilikuwa la bati. Ndani yake mlikuwa na manjano ya alizeti, buluu ya wino, kijani cha mtama mchanga, rangi ya ugoro, na nyeupe ambayo haikuwa nyeupe tena. Operesheni ya vijiji ilipowahamisha watu wa Unyambwa kwenda kijiji kipya mwaka 1974, wenzake walipakia lorini magunia ya uwele na matenga ya kuku. Yeye alipanda amelikumbatia sanduku.

“Mama, humo mna dhahabu?” utingo akamtania.

“Dhahabu ingemtia mtoto joto?” akamjibu. “Nisogezee hilo gunia nikae.”

Maana uzi ule haukuwa wa kutazamwa tu. Kila mtoto aliyezaliwa katika zahanati ya kijiji alipata kofia kutoka kwa Mama Felista. Upepo wa Singida mwezi wa sita hauna adabu. Huingia hata nyumba iliyofungwa, na utosi wa kichanga ni laini. Kabla ya kuanza kofia alifanya ishara ya msalaba, na kila mzunguko wa sindano aliuombea: mtoto huyu akue, mama yake apone, maziwa yatoke. Hakuuza hata kofia moja. “Uzi huu sikuununua,” alisema, “nitauuzaje?”

Lakini kupenda kitu, hata kitu chema, kuna mtego wake. Theodora alikuwa na desturi ya kubakiza donge moja dogo la kila rangi, lisiguswe. Na siku ambayo rangi mpya ilionekana, macho yake yalitangulia na akili ikafuata nyuma.

Kwa kuwa asubuhi alikuwa katika shamba la ujamaa pamoja na wengine, watu waliomletea nguo za sufu walizoea kuzitundika kwenye ua wake wa fito na kwenda zao. Huo ndio uliokuwa utaratibu tangu Unyambwa: kilichofumwa, kikikutwa juu ya ua wa Mama Felista, ni cha Mama Felista. Kijiji kipya kilipopangwa kwa mistari, nyumba zikakaribiana, na ua mmoja ukawa wa watu wawili. Kwa muda mrefu nyumba ya upande wa pili ilikuwa tupu, kwa hiyo hakuna aliyeliwaza jambo hilo.

Mwezi wa tano mwaka 1975 ile nyumba ikapata mtu. Balozi wa nyumba kumi, Gaspari, alimleta mama mmoja aliyepita umri wa makamo, mwembamba, mwenye mkeka wa kuswalia na mafurushi matatu. “Huyu ni Bi Stumai, Mama Mughwai,” Gaspari alisema. “Amefiwa. Tusimwache peke yake.” Theodora alimpelekea uji, akampa pole, akamwamkia shikamoo kwa kuwa alikuwa dada yake kwa umri. Bi Stumai aliitikia kwa sauti ndogo. Hakusema amefiwa na nani, na Theodora hakuuliza. Kidonda kibichi hakishikwi.

Siku nne baadaye Theodora alirudi kutoka shambani akalikuta sweta juu ya ua. Lilikuwa la kiume, zito, bado na unyevu mabegani, na rangi yake ilikuwa damu ya mzee. Rangi hiyo hakuwahi kuwa nayo. Alisimama na jembe begani kama aliyeitwa kwa jina lake. Lilikuwa halijatoboka popote. Hilo aliliona, hakika aliliona. Sauti ndogo ikamwambia, Theodora, nani anatupa sweta zima? Akaijibu upesi kwamba Mungu ana njia zake, akamshukuru papo hapo, akalichukua. Kabla kuku hawajaingia bandani lilikuwa limeisha, limekuwa uzi juu ya kigoda.

Kwa muda wa siku kumi na mbili alifuma kofia saba. Zahanati ilikuwa na watoto saba wapya mwezi huo, na zote zilitoka. Donge moja likabaki sandukuni, naye kila jioni alilitoa kulitazama.

* * *

Kisomo cha watu wazima kilikuwa saa kumi alasiri, Jumatatu na Jumatano, katika ofisi ya kijiji. Mwalimu alikuwa binti aitwaye Sara, mdogo kuliko wanafunzi wake wote. Jumatatu ile aliandika ubaoni neno BARUA. Kila mtu amwandikie ndugu yake aliye mbali, alisema, na asiyejua kuandika bado, amtajie jirani yake maneno, jirani aandike.

Bi Stumai alikuwa mwanafunzi wa wiki mbili. Alikaa benchi moja na Theodora.

“Haya, dada,” Theodora akasema, akilowesha ncha ya penseli kwa ulimi. “Unamwandikia nani?”

“Shemeji yangu, Mzee Ntandu. Yuko Singida mjini.”

Theodora akaandika polepole, kila herufi imesimama kama kigingi: *Kwa shemeji yangu Mzee Ntandu, salamu.* “Halafu?”

“Mwambie Jumamosi hii ni arobaini ya Mughwai. Aje na wazee.”

Theodora akaandika. “Halafu?”

“Mwambie asihangaike kutafuta kijana wa kurithi jina. Mwambie sina cha kumvika. Sweta la marehemu limepotea.”

Penseli haikusimama bado. “Limepotea vipi?”

“Nililifua, nikalianika kwenye ua wetu. Niliporudi kutoka kisimani halikuwepo. Nikasema labda upepo. Nikatafuta mpaka bondeni kwa siku mbili. Sikutaka kusema. Mtu umehamia juzi, leo unalia umeibiwa, watakupenda?” Akavuta kanga yake. “Mwanangu alikuwa kibarua wa barabara kule Babati. Alizikwa hukohuko. Kilichonifikia ni hilo sweta tu. Kwetu, nguo ya marehemu huoshwa, na siku ya arobaini huvikwa mrithi, ndipo jina linaendelea. Mughwai hakuoa. Hakuacha mtoto. Bila nguo hakuna mrithi, na jina linazikwa naye. Andika hivyo.”

“Lilikuwa la rangi gani?” Theodora aliuliza, ingawa alikuwa ameshajua.

“Damu ya mzee.”

Theodora aliinamia daftari. Mkono wake uliandika *damu ya* na ukakataa kuendelea. Mwalimu Sara akapita nyuma yao akasema, “Vizuri sana Mama Felista, ila umeacha neno katikati, shika penseli chini kidogo.”

Jioni ile hakula. Alipiga magoti mbele ya sanduku, na sala haikuja. Kilichokuja ni hesabu ya kishetani, kwamba hakuna ajuaye. Kofia si sweta. Nani atautambua uzi? Bi Stumai mwenyewe ameshasema labda ni upepo. Theodora aliyasikia mawazo hayo yakizungumza kwa sauti yake mwenyewe, akaogopa. Akasema, “Bwana, sikuiba. Lakini niliona ni zima, nikajifanya sijaona.” Aliposema hivyo akajua hawezi tena kulirudisha neno lile mdomoni.

Asubuhi, kabla ya kengele ya shamba, alisimama mlangoni kwa jirani yake na donge mkononi.

“Hodi, dada.”

“Karibu. Mbona mapema?”

Theodora hakukaa. Alinyosha mkono wenye donge, akasema yote kwa pumzi moja: ua, desturi ya Unyambwa, kofia, watoto. Bi Stumai alilipokea. Akalinusa, hasa kama Theodora alivyonusa nguo alizoletewa; lakini lilinukia sabuni tu.

“Umemfumua mwanangu,” alisema.

Hakupandisha sauti. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

“Nitalifuma upya,” Theodora akasema. “Alhamisi ni siku ya kupima watoto, wote watakuja. Nitazikusanya kofia. Ijumaa usiku litakuwa tayari, hata kama sitalala. Mikono yangu inalikumbuka.”

“Zikusanye,” Bi Stumai akasema, akafunga mlango.

* * *

Alhamisi upepo ulikuwa umeamka kabla ya watu. Akina mama walijipanga kwenye kivuli cha ukuta wa zahanati, watoto mgongoni, mzani ukining'inia mlangoni. Theodora alipoanza kueleza alichojia, kicheko kilitangulia.

“Eti nini? Mama Felista amekuja kutuvua!”

“Hata serikali ikitoa kitu hairudi kukichukua.”

“Wewe, serikali ilichukua shamba langu la Unyambwa na mihogo ndani. Nyamaza.”

Lakini aliporudia, akataja sweta na arobaini, na wakamwona Bi Stumai amesimama kando ya mzani na donge lake limefungwa kwenye pindo la kanga, kicheko kilikufa. Mmoja akafungua mtoto mgongoni, akavua kofia, akambusu mtoto utosini kabla ya kumfunika kwa kanga. Wa pili akafuata, na wa tatu. Kofia ziliwekwa mikononi mwa Bi Stumai. Watoto, vichwa wazi, wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine.

Walikuwa sita. Wa saba, Theodora aliambiwa, alikuwa wa Dorika, Mnyiramba aliyekuja kujifungulia kwa dada yake, naye alikuwa amesharudi kwao Iguguno.

Kati ya wale sita, mmoja hakutoa. Aliitwa Klara, na mwanawe alikuwa amezaliwa kabla ya miezi yake, mdogo kama kifaranga. “Mama, nisamehe,” alimwambia Bi Stumai, akiishikilia kofia pale kichwani. “Najua uchungu wako. Lakini huyu, nesi aliniambia kichwa chake kisipate baridi. Nikimvua, kesho utakuja kwenye arobaini ya wangu.”

“Klara! Mdomo huo!” mwenzake akamkemea.

Theodora alifumba macho. Pande zote mbili zilikuwa za haki, na kosa lilikuwa lake.

Bi Stumai alimtazama yule mtoto kwa muda mrefu. Kisha akausogelea mstari wa akina mama. Alichukua kofia ya juu, akamvika mtoto wa kwanza, akaivuta mpaka masikioni. Akaenda kwa wa pili. Alipomaliza wote alirudi kwa Klara, akaigusa ile kofia iliyokataa kuvuliwa.

“Mwanangu alikuwa mwoga wa baridi,” alisema. “Tangu mdogo. Jumamosi waleteni kwangu. Wote.”

“Kufanya nini, mama?”

“Mje mle wali wa hitima. Na shemeji yangu awaone.”

* * *

Mzee Ntandu alikuja na wazee wawili wenye kanzu. Baada ya dua na chakula aliuliza sweta liko wapi, maana siku ya arobaini aliihesabu mwenyewe, lakini ile barua haikumfikia. Theodora hakuwa amethubutu kuimalizia. Bi Stumai alionyesha mkekani, walipokaa akina mama sita na watoto wao.

“Lile pale.”

Mzee alitazama. “Naona kofia.”

“Ni lilelile. Nyuzi zilezile. Mungu ameligawa kabla yetu.”

“Mungu, au mtu mwenye sindano?” Mzee akayafuata macho ya akina mama mpaka jikoni, ambako Theodora alijificha kwa makusudi, akisugua sufuria iliyokwisha takata. “Shemeji, mrithi ni mmoja. Na hapa naona wengine wa kike.”

“Mughwai hakuacha hata mmoja, nawe unachagua?”

Wazee wenzake walicheka chinichini. Mzee Ntandu hakucheka. Alikuwa mtu wa kufikiri polepole, na alifikiri mpaka mtoto mmoja akaanza kulia. Ndipo akauliza kofia zote zilikuwa ngapi.

“Saba. Moja iko Iguguno.”

“Basi hatujamaliza,” alisema. “Humvalishi mtu sweta ukaacha mkono mmoja nje. Hawa nitawasemea neno la kurithi jina leo, wote sita, na yeyote atakayenicheka na anicheke. Lakini mpaka yule wa mwisho asemewe, na wazazi wake wakubali, jina halijakaa. Utakwenda wewe mwenyewe, mama wa marehemu. Si mimi.”

Akawasemea. Mtoto wa Klara alilala muda wote.

Jumatatu Bi Stumai alikuja uani, upande wake wa fito, amevaa viatu. “Mama Felista. Iguguno wanajua Kiswahili, au watanisemesha Kinyiramba?”

“Wanajua, dada.”

“Twende. Wewe ndiye unayemjua huyo Dorika.”

Lilikuwa neno la kwanza alilomwambia tangu mlango ufungwe. Theodora hakungoja la pili. Alitupa kanga begani akatoka.

Walipata lori la magunia lililopitia Iguguno. Bi Stumai alikaa juu ya gunia, macho barabarani, akitazama kila daraja na kila rundo la kokoto, kazi kama aliyoifanya mwanawe. Theodora alijua anatafuta nini, akamwacha. Alisali kimya, na safari hii sala ilikuja bila kuitwa: Bwana, kosa ni langu, usimlipishe yeye. Yule binti asikatae.

Nyumba ya Dorika ilikuwa nyuma ya shamba la alizeti zilizokwisha kukatwa vichwa. Mwenyewe alikuwa akipepeta mahindi, mtoto amelala kivulini juu ya gunia, kofia kichwani. Alipomwona Theodora alifurahi. Alipoelezwa, uso ukabadilika, akamchukua mtoto akampakata.

“Huyu tumeshambatiza jina,” alisema. “Anaitwa Yustina. Ni jina la mama yake Kefa, mume wangu.”

“Ni jina zuri,” Bi Stumai akasema. “Abaki nalo. Nataka kumwongezea tu. Mtu anaweza kubeba majina mawili.”

“Na kofia? Mnaichukua?”

“Hapana, mwanangu. Kofia ni yake.”

Dorika alimtazama Theodora, kisha yule mama mgeni. Hakuwa mtu wa kuburutwa. “Umri wako nauheshimu, mama, na kwa msiba wako nakupa pole. Lakini siwezi kumbebesha binti yangu mtu nisiyemjua. Kefa akirudi ataniuliza, nami nitamjibu nini? Alikuwa mtu gani, huyo Mughwai?”

Theodora alishusha macho. Alikumbuka kwamba tangu Bi Stumai alipohamia, yeye, jirani wa ua mmoja, hakuwahi kumuuliza swali hilo. Wala hakuna mwingine aliyeuliza.

Bi Stumai alikaa chini, palepale kwenye makapi ya mahindi. Halafu akanyosha mikono, na Dorika, baada ya kusita, akamwekea mtoto mapajani.

“Alikuwa msumbufu,” akaanza. “Alikataa mlenda. Hebu fikiria, Mnyaturu anayekataa mlenda! Nilimpiga, akakataa. Akaja baba yake akampiga, akakataa. Akasema, mama, unateleza kabla sijauonja…”

Dorika alicheka, akavuta kigoda karibu. Theodora naye akakaa. Bi Stumai alieleza habari ya mlenda, ya mbuzi aliyempa jina la bwana shamba, ya siku aliyoondoka kwenda kazi ya barabara na kurudi mara tatu mlangoni kwa kusahau vitu ambavyo hakuwa amevisahau. Machozi yalimshuka naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono yake miwili ilikuwa imembeba mtoto.

Kule barabarani lori la kurudi Singida lilipiga honi, likangoja, likapiga tena. Hakuna aliyeinuka.

“Endelea, mama,” Dorika akasema. “Ikawaje?”